Ng'ombe Wakilala Juu ya Viazi

Ninyi mnaotoka institut ya kilimo sasa hivi, diplome mkononi na buti mpya miguuni, nina ombi moja kabla hatujafika mbali. Siku mtakapoitwa kupima shamba lililoingiliwa na ng'ombe, nendeni na jembe. Kalamu mtaikuta huko huko. Hakosekani mwalimu au katekista mwenye kalamu. Lakini ukiomba jembe, kila mtu atakuambia lake ameliacha kwa shemeji.

Nimekuwa agronome miaka thelathini na kitu: kwanza Butembo, kisha Masereka kule milimani, mwishoni Beni kwenye joto. Watu wakisikia neno agronome wanawaza mbegu na mbolea. Mbegu zilikuwapo, sikatai. Lakini kazi iliyomaliza viatu vyangu ni ile tunayoiita constat. Ng'ombe wa mtu wametoroka, wameingia katika shamba la mtu mwingine, nawe unaitwa uone wamekula nini na kiasi gani, kisha uandike karatasi ambayo watu wawili waliokasirikiana wataitia sahihi.

Niliianza vibaya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa mtu wa kuandika barua mara nne, kuipeleka, na kuirudisha kutoka njiani ili niongeze koma.

Constat yangu ya kwanza ilikuwa Bulengera. Ng'ombe mmoja alikuwa ameingia katika bustani iliyo nyuma ya nyumba ya mama mmoja muuza mboga. Alikula lenga-lenga, ule mchicha wetu, akala vitunguu mistari mitatu, na alipotoka akaondoka na shuka iliyokuwa imeanikwa kwenye kamba. Mtaa ule ulikuwa na wenye ng'ombe wawili, na kila mmoja aliapa kwamba wake hakuondoka nyumbani. Mimi niliona hiyo ndiyo nafasi ya kuonyesha elimu. Nilipiga magoti kwenye matope nikapima nyayo zote kwa rula, moja baada ya nyingine, nikachukua wastani, nikachora. Halafu nikaenda kupima kwato za washukiwa. Wa kwanza alinivumilia. Wa pili alivunja rula.

Nilikuwa bado nahesabu vipande vya rula alipofika Papa Mbusa. Huyu alikuwa moniteri wa kilimo wa zamani, mkubwa wangu wa kazi, mtu mwembamba mwenye goti bovu na koti la mvua ambalo hakulivua hata wakati wa jua. Alimshika ng'ombe wa kwanza pua, akamfungua mdomo, akanusa. Akaenda kwa wa pili, akanusa. Akamgeukia mwenye ng'ombe wa pili akasema kwa upole kabisa kwamba ng'ombe wake ananuka kitunguu kama mama mpishi wa harusi. Kesi iliisha hapo. Shuka haikuonekana tena.

Kwa hiyo la kwanza mnalo: ng'ombe anao ushahidi mdomoni kwa muda wa asubuhi moja. Nuseni mapema.

La pili alinifundisha njiani tukirudi, akisimama kila mara kulipumzisha goti. Ng'ombe hatoroki kwa hasira. Ameona kitu kizuri upande wa pili, na kuna mtu amemwachia nafasi. Ukikuta kundi limetoka, tafuta jike mzee. Yeye ndiye anayejua mti gani wa ua umeoza, na wengine wanamfuata kama waumini. Mrudishe yeye kwanza. Ukianza na ndama utakimbia mpaka jioni. Akiingia shambani ataanza na kabichi, moyo wake ule mtamu, kisha mahindi mabichi, kisha maharagi. Majani ya viazi mviringo hayapendi, ni machungu. Lakini tuta la viazi ni laini, limeinuliwa vizuri, na ng'ombe aliyeshiba anatafuta pa kulala. Viazi haviliwi, vinalaliwa. Kumbukeni hilo, kwa sababu mimi nililisikia, nikaliandika hata katika daftari, na siku lilipohitajika nilikuwa nimelisahau.

Siku hiyo ilikuja wakati wa vita. Tulikuwa tumehamishiwa Masereka, Papa Mbusa na mimi. Askari wa kundi hili walikuwa wakipita kwenda Butembo, wa kundi lile wakirudi, na kila kundi lilipopita lilipika. Kuni za karibu na barabara zilikuwa nguzo za ua wa Papa Kasereka. Papa Kasereka aliuza vitenge Butembo, na huku milimani alikuwa na malisho mgongoni mwa kilima. Asubuhi moja wachungaji wake walisikia risasi upande wa barabara, wakajificha katika msitu wa mikalitusi. Walipotoka, upande mzima wa ua ulikuwa umekuwa majivu, na ng'ombe sita walikuwa wameteremka bondeni.

Bondeni kulikuwa na shamba la Mama Kyakimwa. Alikuwa mjane aliyekimbia mapigano upande wa Manguredjipa na watoto watatu, sufuria moja na godoro moja. Shamba halikuwa lake. Mzee Paluku, mwenye udongo, alikuwa amemwazima. Kwa desturi ya kule, mtu aliyeazimwa shamba anampelekea mwenye udongo kikapu cha mavuno yake ya kwanza. Kikapu kikifika, anabaki. Kisipofika, shamba linapewa mwingine, na mwaka ule waliokuwa wakingoja shamba walijaa kila nyumba. Mama Kyakimwa alikuwa amepanda viazi, na kabichi pembeni. Viazi vilikuwa na mwezi mmoja tu ardhini.

Tulipofika, majirani walikuwa wamekwisha kuwakamata ng'ombe wote sita, na hapo ndipo shida ya pili ilipoanza. Wakati wa amani ng'ombe wa namna hiyo hufungwa kwa chifu mpaka mwenyewe aje. Mwaka ule, ukifunga ng'ombe sita karibu na barabara, saa sita za mchana wako ndani ya sufuria za askari. Mwenye ng'ombe hana ng'ombe, mwenye shamba hana wa kumlipa. Watu wakatazamana. Mchungaji wa kanisa, mtu wa maneno machache, akaenda akafungua milango ya kanisa lake yote miwili.

Waliingia wote sita. Mabenchi yalirundikwa kando. Papa Kasereka, ambaye juma lile alikuwa amepanda kuangalia mifugo yake, alifika mbio akihema, akasimama mlangoni, akashindwa kuamua aingie na kofia au bila kofia. Yeye ni Mkatoliki. Mama mmoja wa kwaya alimwambia aingie tu, ng'ombe zake zimekwisha kuokoka.

Hatukucheka muda mrefu. Kikosi kilionekana kwenye kona ya barabara. Ng'ombe mmoja akalia, sauti nzito ikajaa paa la bati. Mchungaji akanyoosha mkono, na wale mama wa kwaya wakaanza kuimba, wakiwa wamesimama katikati ya mikia. Kila ng'ombe alipofungua mdomo, sauti ya pili ilipanda juu yake. Waliimba beti zote, wakarudia. Askari walipita. Mmoja alivua kofia. Mpaka leo sijui kama walidanganyika au walikuwa wamechoka kupika.

Wakati wimbo unaendelea, jike mzee alikuwa anavimba. Alikuwa amekula kabichi nyingi mno za umande, na tumbo lake upande wa kushoto lilikuwa limekaza kama ngoma. Hili nalo lishikeni. Ng'ombe wa namna hiyo anaweza kufa mbele yako katika muda wa sala moja. Papa Mbusa aliagiza mafuta ya kula, chupa nzima, akammwagia kooni kidogo kidogo. Akachukua kijiti kinene akamfunga mdomoni kama lijamu ili atafune bila kuacha. Halafu akahitaji mahali pa kuinua miguu yake ya mbele, na ndani ya kanisa mahali pa juu ni mimbarini tu. Mchungaji alifumba macho akatikisa kichwa kukubali. Basi yule jike akasimama na kwato mbili kwenye ngazi ya mimbari, akitafuna kijiti na kututazama sisi sote tuliokuwa chini.

Papa Mbusa hakuweza kumwacha. Papa Kasereka alitaka karatasi iandikwe mara moja, awatoe ng'ombe wake kabla kikosi kingine hakijapita. Nikatumwa shambani peke yangu.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kabichi zilikuwa zimebaki visiki. Viazi vilikuwa tope jeusi lenye mashina yaliyovunjika, na katikati ya matuta palikuwa na vitanda sita, mviringo, vimekandamizwa vizuri, kila kimoja na kinyesi chake. Mama Kyakimwa alikuwa amesimama pembeni na mkono kichwani. Nami nikaanza kufikiri, na nilipokuwa kijana hiyo ilikuwa hatari. Nikiandika nusu, nitakuwa nimemwibia mjane. Nikiandika robo tatu, Papa Kasereka atauliza ile robo iko wapi, na sitajua kumwonyesha. Nikiandika yote, hakuna atakayeniuliza. Niliandika: hasara kamili. Nilipiga mstari chini yake mara mbili, nikajiona mtu wa haki.

Papa Kasereka alisoma karatasi ile, na badala ya kubishana akakubali papo hapo: mbuzi watatu, waletwe kabla jua halijashuka. Akatia sahihi. Mama Kyakimwa akatia kidole. Mtu anayelipa bila kubishana, vijana wangu, msomeni mara mbili.

Ng'ombe wakatoka, jike mzee akiwa wa mwisho, tumbo limelegea. Mbuzi wakaja. Papa Mbusa akateremka shambani kwa goti lake, akaichukua karatasi kutoka mkononi mwangu, akaisoma polepole.

"Ulichimba?" akaniuliza.

Sikuwa nimechimba. Sikuwa hata na jembe. Alichuchumaa kwa shida akaingiza vidole katika tope chini ya shina lililovunjika. Alitoa kiazi cha mbegu, bado kigumu, na ubavuni mwake machipukizi mawili meupe, kila moja kama ncha ya kidole cha mtoto. Akakirudisha, akakifunika, akapangusa mkono kwenye koti.

"Hii shamba hapana kufa," alisema. "Inalala. Lakini wewe umeshaizika na muhuri."

Kisha akanieleza nilichokuwa nimefanya. Kule milimani, aliyelipa hasara kamili anapata mabaki yote mpaka mwisho wa msimu, maana ameyanunua. Papa Kasereka, ambaye malisho yake hayana ua tena, ana haki ya kuingiza ng'ombe wake katika shamba lile kesho, na ya kuchimba chochote kilichobaki. Na Mzee Paluku, akisikia kwamba mazao yamekufa na yamelipwa, atahesabu kwamba msimu wa Mama Kyakimwa umekwisha, na hakuna kikapu. Sheria hiyo nilikuwa nimeisikia, kama mtu anavyosikia jina la mto asiouvuka.

Mama Kyakimwa alikuwa amesimama na kamba tatu mkononi, mbuzi wakivuta kila mmoja upande wake. Aliyasikia yote. Hakunitukana, na ningefurahi angenitukana.

"Monsieur agronome," alisema, "mbuzi inatembea. Askari akipita, inatembea na yeye. Kiazi iko chini ya udongo, hakuna mutu anaiona. Kule tulitoka, kila kitu ya juu ilibebwa. Nilipanda hii ili batoto bakule kitu yenye hakuna mutu anaweza kubeba. Sasa unanipa mbuzi."

Nilikwenda nyumbani kuandika barua kwa Papa Kasereka, aliyekuwa amekwisha kuondoka kurudi dukani kwake Butembo. Ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Ya pili ilikuwa na vifungu. Katika ya tatu niliomba radhi mara saba, nikazihesabu, nikaona ni nyingi, nikazipunguza zikawa tano. Papa Mbusa alinikuta katika ya nne. Aliketi, akamenya parachichi, akalila lote kabla ya kusema. Alisema barua itafika ikiwa maneno, na Papa Kasereka anayo maneno dukani. Afadhali nipeleke kiazi.

Basi asubuhi nilikwenda kwanza malishoni. Niliwaomba wachungaji wasiteremshe ng'ombe mpaka nirudi kutoka kwa mwenyewe, wakakubali kwa siku mbili. Nikachimba tuta moja kwa ruhusa ya Mama Kyakimwa, nikaweka kiazi na udongo wake katika kopo la maziwa ya unga, nikashika njia ya Butembo pamoja na mama waliobeba poaro, vile vitunguu vya majani, mgongoni. Ni mwendo wa siku nzima. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari alichungulia kopo langu.

"Oyo nini?" aliuliza, akimaanisha hiki ni nini.

Nikaanza kumweleza habari ya macho ya kiazi na akiba ya chakula iliyomo ndani ya mbegu. Nilikuwa sijafika kwenye mizizi alipoinua kamba akaniambia nipite, nipite haraka. Wale mama walicheka mpaka mteremko uliofuata. Walisema tangu vita ianze hawajaona mtu akipita barrière kwa kumchosha askari.

Papa Kasereka alikuwa amepanda ngazi akishusha kitenge kwa mteja. Niliweka kopo mezani. Nilikuwa nimejifunza hotuba yangu njia nzima, na yote ilinitoka kichwani. Nikasema nilikosea. Nikasema sikuchimba.

"Petit," alisema bila kushuka, kama anayemwita mtoto, "karatasi iko na sahihi. Mbuzi nilitoa."

"Ndiyo, Papa."

"Na wewe ndiye uliandika. Kamili. Mistari mbili chini."

"Ndiyo, Papa."

Mteja alipoondoka alishuka. Aliinama juu ya kopo. Wakati ule chipukizi moja lilikuwa limekwisha kutoka juu ya udongo, kijani kidogo, limekunjika kama sikio. Mtu huyu aliuza vitenge, lakini mama yake alimlea kwa viazi, na mkono wake ulijua. Aligusa udongo, akausukuma kidogo pembeni, akalitazama chipukizi mpaka shinani.

"Hii haikukufa," alisema.

Nikamwambia ninachoomba. Turudi wote shambani baada ya wiki mbili, yeye, Mama Kyakimwa, na Mzee Paluku kama shahidi. Tupite mstari kwa mstari. Vilivyoota vibaki vya mama, vilivyooza na kabichi zote avilipe yeye. Kama vingi vimeota, atarudishiwa baadhi ya mbuzi wake. Na muda huo wote ng'ombe wasiguse lile shamba.

Alifikiri. Alisema ng'ombe wake watalala wapi, ua umeliwa na vita. Wakati huo kila kitu kilikuwa kimeliwa na vita. Hata mtu aliyesahau kufunga mlango alisema ni vita. Nikamwambia, na hili lilikuwa la Papa Mbusa, si langu: asisimamishe nguzo kavu. Akate fito mbichi za miti ile inayochipua ikichomekwa, azipande karibu karibu. Askari hakati mti mbichi kwa kupikia, unamtoa machozi. Baada ya mwaka fito zitakuwa ua unaoota wenyewe.

"Utaandika kama ni wewe ulikosa?"

"Nitaandika."

"Na herufi kubwa. Watu wasiseme Kasereka alirudisha mbuzi kwa ujanja."

Niliandika pale pale mezani, kati ya vitenge, mara moja tu, bila kurudia. Ndiyo karatasi fupi kuliko zote nilizoandika katika kazi yangu.

Wiki mbili hizo nilizipitia vibaya. Mvua ilinyesha, nikaogopa vitaoza. Mvua ikakoma, nikaogopa vitakauka. Kila asubuhi nilitaka kwenda kuchimba, na kila asubuhi Papa Mbusa alinikumbusha kwamba kiazi kikichimbuliwa kila siku hakioti. Mama Kyakimwa peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Alipandisha udongo wa matuta kwa mkono, akatoa kinyesi cha ng'ombe juu ya vitanda vile akakisambaza pale palipohitaji. Mbuzi aliwafunga ndani ya nyumba, pamoja na watoto.

Siku ilipofika tulikuwa wengi kuliko walioitwa. Mzee Paluku alikuja na fimbo na kiti chake mwenyewe. Alikuwa mzee mkavu asiyependa kubembelezwa, na kabla hatujaanza alisema wazi kwamba familia mbili zimekuja kwake kuomba shamba hili, na kwamba amewaambia wangoje mpaka leo.

Tulianzia chini, karibu na maji. Mstari wa kwanza, hakuna kitu. Niliingiza jembe, nikatoa kiazi kilichooza, laini, chenye harufu. Mstari wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Mstari wa tatu pia. Papa Kasereka alianza kutazama juu kwenye malisho yake. Mama Kyakimwa alikuwa nyuma yangu. Nikataka kueleza kwamba chini kuna maji mengi, kwamba ng'ombe watatu walilala hapa, na Papa Mbusa akanigusa bega kwa kidole ili ninyamaze.

Mstari wa nne uliota mashina mawili. Wa tano ulikuwa na saba. Kutoka wa sita hatukuhitaji jembe tena. Vilikuwa vimesimama vyenyewe, vifupi, vyenye majani mazito, vingine vikitoka katikati kabisa ya kitanda cha ng'ombe. Mzee Paluku aliacha kiti, akapita mistari yote peke yake mpaka juu, akarudi. Alipofika kwetu alisema tu kwamba familia zile mbili atazitafutia mahali pengine.

Papa Kasereka alichukua mbuzi wawili, akaacha mmoja kwa ajili ya kabichi na mistari ya chini. Wachungaji wake walipanda ua wa fito mbichi juma lile lile. Ua huo nimeupita mara nyingi baadaye. Sasa ni miti mikubwa.

Tangu siku hiyo siandiki karatasi siku ya kwanza. Siku ya kwanza naandika ninachokiona, na tarehe ya kurudi. Beni, ng'ombe walipolala katika pépinière, kitalu cha miche ya kakao, mwenyewe aliniita mvivu kwa sababu nilikataa kusema imekufa. Nilikubali kuitwa mvivu siku kumi na mbili. Ninyi leo mna simu, mnapiga picha, mnatuma kabla hamjatoka shambani. Ni vizuri, ningeipenda simu ile wakati wangu. Lakini picha inaonyesha juu. Swali la Papa Mbusa, ulichimba, bado linahitaji mikono.

Na msiogope kusema mlikosea. Mimi nilidhani siku nitakayosema hivyo nitafukuzwa. Kilichotokea ni kwamba watu wa Masereka walianza kuniita kabla ya kugombana, maana walijua nikikosea nitarudi.

Viazi vya Mama Kyakimwa vilichelewa, na vilikuwa vidogo. Siku ya kuvuna alichagua vilivyo vizuri, akajaza kikapu, akanitaka niandamane naye, kwa sababu aliogopa Mzee Paluku angeona udogo wake na kukasirika. Mzee alikuwa akichonga mpini nje ya nyumba. Alikitazama kikapu. Aliingiza mkono akachagua kiazi kimoja, si kikubwa kuliko yai, akakiweka kando yake juu ya kiti. Kisha akakisukuma kikapu kizima kirudi kwa Mama Kyakimwa.

"Hii ni mbegu," alisema. "Shamba yenye iko pembeni ya yako, ile ya mpaka kwenye maji, haina mutu. Panda hapo chini kitu ingine, viazi inaoza."

Mama Kyakimwa alisema wasingya, asante ya kwetu, mara mbili. Halafu akanigeukia akaniuliza kama najua ni nini kinachopenda maji, nami nikaanza kufikiri, na kabla sijafungua mdomo alikuwa amekwisha kujitwika kikapu, akiteremka kwenda kulitazama shamba.